Risasi Zilizoanikwa Ndani ya Oveni Yangu

Subira yangu ilikatikia mbele ya oveni, Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa na sufuria mkononi. Wanawake wenzangu mnaoishi huku ughaibuni mnajua kwamba oveni kwetu sisi ni kabati. Mzungu anaokea ndani yake, sisi tunaficha humo sufuria, vikaango, na ule mfuniko ambao sufuria yake ilibaki Louisville tulikotoka. Donc, yaani kwa hiyo, kabla ya kuwasha ni lazima utoe vyombo vyote. Siku ile nilitaka kuoka mikate ya kupeleka kanisani. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni, na binti yangu Neema, wa miaka sita, alisimama pembeni amejipaka unga mpaka kwenye nyusi. Nikatoa kikaango. Nikatoa sufuria kubwa ya bugali. Nyuma kabisa nikaona trei yangu ya biskuti, ile niliyoitafuta wiki nzima. Juu yake ilikuwa imetandikwa karatasi ya aluminiamu, na juu ya karatasi zililala risasi za bunduki, ndefu kama kidole cha kati, zimepangwa mistari minne, vichwa vyote upande mmoja, kama ndagala walioanikwa juani.

Zilikuwa ishirini na nane. Sijui kwa nini nilizihesabu. Nadhani mkono ulikuwa unatafuta kazi ya kufanya ili usiguse kile kitufe cha kuwashia.

Nikaita. Shemeji Elia, kaka mkubwa wa mume wangu, anakaa ghorofa ya chini katika nyumba hii hii ya mbao hapa West Side ya Buffalo. Alipanda ngazi na soksi zake, akichokonoa meno.

"A, Mama Neema, usiwashe kwanza," akasema. "Nilisahabu kukuambia. Ziko zinakauka."

"Zinakauka," nikasema.

"Zilishika maji ya hewa. Ile oveni yako iko na kale kamoto kadogo kasikozimika, donc iko na joto ya mzuri. Imebaki siku mbili tu."

Nilimwambia maneno ambayo mke wa mdogo hamwambii kaka wa mume wake. Sitayaandika hapa kwa sababu watu wa kanisa watasoma, na wale wasiosoma waliyasikia wenyewe kupitia dirishani. Kisha nikakaa chini sakafuni, karibu na sufuria zangu, nikaanza kumkumbuka mjomba wangu ambaye sikuwahi kumpenda.

Ninyi wa rika langu, mliokulia kule milimani juu ya Fizi kabla hatujakimbia, mnazikumbuka zile asubuhi. Ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, kuku wanakataa kutoka, na sisi watoto tunagombania nafasi karibu na majiwe matatu ya moto huku mihogo ya jana inachomwa kwenye majivu. Mihogo ile ilikuwa na ganda jeusi, ukilivunja moshi unakuingia puani kabla ya utamu kuingia mdomoni. Tulicheza kodi, kurusha na kudaka mawe ya mtoni, tuliruka kamba ya migomba, tulibebana mgongoni kupeleka maji, na hakuna mtoto aliyesema amechoka kwa sababu neno hilo tulikuwa hatujafundishwa. Neema wangu leo akipanda ngazi kumi na nne ananiambia kwa Kiingereza kwamba miguu yake inakufa.

Mjomba Asukulu, mdogo wake mama, alikuwa mwindaji. Msimfikirie kama wale wazee wa hadithi. Alikuwa mtu wa hasira, mnywaji wa pombe ya kasiksi, mkopaji wa kuku wasiorudi, na watoto tulimwogopa kuliko mbwa wake. Lakini alikuwa na gobore, bunduki ya kienyeji iliyotengenezwa na mhunzi, ile ya kujaza baruti kwa mdomoni na kuweka fataki moja ndogo nyuma, ambayo nyundo ikiigonga ndiyo inayowasha baruti. Na kuhusu gobore lile mtu huyu mlevi alikuwa na adabu kuliko mchungaji kuhusu Biblia.

Baruti haikulala ndani ya nyumba. Ilikaa kwenye pembe ya mnyama, imezibwa kwa nta, ikaning'inizwa kwenye dari ya banda la mbuzi, mbali na jiko. Fataki zilikaa kwenye kikopo kingine, mahali pengine, na mahali penyewe alipajua yeye na Mungu. Kabla ya kuzishika aliosha mikono kwa majivu na maji, akaikausha kwa moshi, akainusa. Ndiyo, aliinusa mikono yake. Siku aliyokula sombe, kisamvu chetu, lenye mawese hakushika fataki mpaka kesho yake. Mama akimcheka, alimjibu kwamba mafuta yakiingia kwenye fataki hulala nayo, na mwanamke hamwamshi mtu aliyelala na mafuta. Hatukuelewa, lakini tulicheka kwa sababu mama alicheka.

Na kulikuwa na ile desturi ya Zaburi. Wakati mwingine gobore lilikataa. Anavuta, nyundo inagonga, inalia kachi, halafu kimya. Hapo hakuna mtu aliyejitikisa. Mjomba alibaki amelenga mlima wa ng'ambo, bunduki begani vile vile, jicho limefumba nusu, na akaanza kusoma Zaburi ya ishirini na tatu kwa sauti, kutoka Bwana ndiye mchungaji wangu mpaka nyumbani mwa Bwana milele. Polepole. Sisi watoto tuliokuwa nyuma tulilazimika kuisoma naye, tumelala kifudifudi kwenye majani yenye umande. Mmoja wetu akiharakisha bonde la uvuli wa mauti, Mjomba alirudi mwanzo, na wote tukarudi naye. Ilipoisha ndipo aliposhusha mdomo wa bunduki, bado umeelekea mlimani, akaanza kutafuta sababu: je, baruti imelowa, je, tundu limeziba, je, fataki imekaa vibaya. Mara moja nakumbuka tulifika kwenye mafuta kichwani na kikombe kufurika, na lile gobore likalia lenyewe, bila mtu kuligusa. Panya wa shamba wote walikufa kwa hofu, nadhani. Mjomba hakuruka. Alimalizia aya moja iliyobaki, kisha akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Moto uliokawia haujakataa," akasema. Basi. Hakutoa mahubiri. Alitaka kasiksi yake.

Baadaye vita vilikuja na bunduki za aina nyingine, zisizosomewa Zaburi, tukavuka ziwa tukaingia kambini Kigoma. Gobore lilibaki kwenye banda la mbuzi pamoja na mbuzi. Kambini tulikula unga wa njano wa mgawo, tukasomea kwenye madarasa ya matofali mabichi, wanafunzi watu themanini na chaki moja. Niliipenda shule ile. Ndiko nilikomaliza sekondari, na kila mtu anayenitupia neno secondaire kama tusi ajue nilisoma nikiwa na njaa, siyo kama hawa wa leo wanaobebwa na basi la njano mpaka mlangoni na bado wanalia.

Kambini watoto tulitengeneza fataki zetu kwa kichwa cha spoku ya baiskeli na viberiti. Wenzangu mnajua mchezo wenyewe, na wasioujua wasijifunze kwangu. Ulilia pa, mama zetu wakashika vifua wakidhani vita vimetufuata, halafu tukachapwa. Tulichapwa vizuri, kwa fimbo ya mti mbichi, na jioni tukapewa bugali kama kawaida. Viberiti vya kambini vilikuwa na unyevu. Tulivikausha kwa kuvisugua kwenye nywele au kuviweka karibu na moto wa mama. Kumbukeni hilo, maana hapo ndipo Shemeji Elia alipopata elimu yake ya chuo kikuu.

Rafiki yangu Furaha, binti wa jirani, alikuwa na miaka kumi kama mimi. Siku moja fataki yake ilikataa kulia. Niliona midomo yangu mwenyewe imeanza Bwana ndiye mchungaji, kwa mazoea tu. Nikamwambia asiitazame. Furaha akacheka, akaiinua karibu na uso kuangalia ndani, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Ilikuwa imekawia tu. Jicho lake la kulia halikuona tena tangu siku hiyo. Hakupiga kelele hata, hilo ndilo ninalolikumbuka, alikaa chini akafunika uso kwa viganja viwili na kuniuliza kama kanga yake imechafuka. Leo yuko Columbus, ana watoto watatu, na akikutazama anageuza kichwa chote kama ndege.

Sasa turudi kwa mtaalamu wetu.

Elia alifika Louisville mwaka mmoja kabla yetu, akapata kazi kwenye ghala la mizigo. Huko mwenzake mmoja wa kazini akampeleka kuwinda swala wa huku, kwa kibali, kwa kofia ya rangi ya chungwa, kila kitu kwa sheria. Sikatai. Nyama ile niliipika na niliila. Ndipo akajifunza kwamba bazungu wengine hujaza risasi zao wenyewe nyumbani: unalichukua ganda lililokwisha tumika, unaweka fataki mpya kwenye kitako, unapima baruti, unashindilia risasi juu kwa mashine ndogo ya mkono. Mwenzake alikuwa na kitabu kinene cha kazi hiyo, mizani, miwani ya kukinga macho, na chumba chake nje ya nyumba. Elia akanunua mashine. Kitabu alikinunua pia, nacho bado kiko ndani ya nailoni yake, kinatumika kuinua mguu mfupi wa meza.

Yeye alisoma kwenye simu. Kijana wa leo, hata akiwa na miaka arobaini na moja, anaamini kwamba akitazama kitu dakika tisa amekijua. Sisi tulitazama miaka mitatu kabla hatujaruhusiwa kushika pembe ya baruti ikiwa tupu.

Louisville, kila akivuta mara kumi, mara tatu inalia kachi na kunyamaza. Akasema fataki za Kentucky ni mbaya. Tukahamia Columbus kwa ajili ya kazi, akaja. Huko zikakataa nne katika kumi. Akasema ni baridi ya Ohio. Akabadilisha bunduki. Tukahamia Buffalo, kwa sababu nyumba ya mbao yenye ghorofa mbili ilipatikana, familia juu, kaka chini, mambo ya udugu. Hapa zikakataa nusu. Safari hii hakuweza kulaumu baridi peke yake, maana tulikuwa Julai, donc akanilaumu mimi.

"Ni mvuke ya maharagi yako, Mama Neema," alisema. "Inapita mu sakafu, inalowesha baruti."

Mume wangu, Baba Neema, akaitikia kwa kichwa. Huyu ni mwanamume anayeweza kutengeneza gari bila kulala chini yake, lakini mbele ya kaka yake ubongo wake unakwenda likizo.

Nataka muone kazi yenyewe inavyofanywa, ili msinione mimi ni mwanamke wa makelele. Jumapili baada ya ibada, wanaume wanne wanakaa kwenye meza ya Elia kule chini. Katikati kuna sinia moja ya bugali na bakuli la sombe linaloelea kwenye mawese mekundu. Pembeni ya sinia kuna mashine. Mmoja anamega, anachovya, analamba vidole vitatu, kisha kwa vidole hivyo hivyo anachukua fataki moja, anaiweka kwenye kitako cha ganda, anaisukuma kidogo, anampa mwenzake. Mwenzake naye ametoka kutafuna mfupa. Wanaimba wimbo wa ibada sauti nne. Ni picha nzuri kabisa kama hujui wanachofanya.

Nikasimama mlangoni nikasema, "Shemeji, mikono ina mafuta."

"Na weye unajua nini mambo ya bunduki?" akauliza bila kugeuka. "Ulisoma secondaire tu."

"Na wewe ulisoma simu."

Wale wengine walicheka wakainama kwenye sinia. Elia hakucheka. Baba Neema aliniambia baadaye kwamba nimemvunjia yaya, kaka yake mkubwa, heshima mbele ya watu, na yaya ni kama baba. Nikamjibu kwamba baba yake, Mungu amrehemu, alinawa mikono.

Kuna siku walinichukua nikaone. Tulikwenda uwanja wa kulengea shabaha, mbali nje ya mji, unapita Amherst na magari yake yanayong'aa halafu unaendelea mpaka mashamba. Mimi, mtoto mgongoni, Neema na vizibo vya masikio vinavyomfanya aonekane kama chura. Elia akalala, akalenga, akavuta. Kachi. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza Zaburi. Na yule bwana, hata pumzi mbili hazijapita, anainuka, anaigeuza bunduki upande wetu, anaifungua, anaitoa ile risasi na kuichungulia kitako, anacheka, "Tena." Neema alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilimvuta kwa kofia ya koti lake mpaka akakaa chini.

Mzee wa Kizungu anayesimamia uwanja alikuja na uso mwekundu. Alimwambia Elia kwamba ikikataa, unabaki umelenga mbele, kwenye kilima, nusu dakika nzima au zaidi, hufungui kitu, kwa sababu huenda moto unatembea bado humo ndani. Nusu dakika. Nikahesabu kichwani: ni Zaburi ile ile, ukiisoma bila kutulia. Nilitamani kumkumbatia mzee yule. Mjomba wangu mlevi na Mzungu wa mashambani, hawakuonana kamwe, wamefikia hesabu moja.

Kisha mzee akavaa miwani yake ya kusomea, akazikagua zile zilizokataa. Alisema mambo mawili. La kwanza, fataki hazikusukumwa mpaka mwisho, zimekaa juu juu, donc pigo la kwanza la bunduki linapoteza nguvu kwa kumalizia kazi ambayo mjazaji aliiacha, ndiyo maana baadhi zinalia zikipigwa mara ya pili. Elia alikuwa anajivunia hizo za mara ya pili siku zote, alisema zina moyo. La pili, mzee alipitisha kidole kwenye kitako cha ganda, akakinusa, akauliza hii nyekundu ni nini.

"Ni mafuta ya mashine," Elia akajibu, kwa Kiingereza chake cha ghalani.

Mawese. Mafuta ya sombe niliyopika mimi mwenyewe, yamesafiri kwenye risasi mpaka mashambani. Mzee akasema mafuta ya aina yoyote huua fataki, na zote zilizojazwa siku hiyo zisitumike tena, azilete, atamwonyesha njia ya kuziharibu kwa usalama. Elia alisema yes sir mara tano. Kwenye gari, akiwa anaendesha, alisema, "Ule mzee hajui hewa ya Buffalo. Mimi nitazikausha."

Na alizikausha. Mmeona alikozikausha.

Baada ya ile Jumamosi kikaitwa kikao cha familia. Watu wazima sita kwenye sebule yangu, biskuti, chai ya maziwa, sala ya kufungua. Mada ya kikao haikuwa risasi. Mada ilikuwa ulimi wangu. Shangazi wa mume wangu, mwanamke ninayemheshimu siku nyingine, alisema, "Mwanangu, tunashukuru Mungu, hakuna kitu ilitokea. Omba msamaha kwa shemeji yako, tumalize, chai inapoa."

Nikauliza kama kitu kingetokea, nani angekuwepo kunywa chai. Shangazi akanisogezea biskuti.

Elia, mtu wa amani ghafla, akasema, "Mimi nilisamehe zamani. Na tena, zingine zilikauka vizuri."

Sikuomba msamaha. Nilisema natoa mpaka Ijumaa: baruti, fataki, mashine na zile ishirini na nane vitoke ndani ya nyumba wanamolala watoto wangu. Baba Neema alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Neema, ataenda wapi navyo? Ni yaya." Nikamwambia pembe ya Mjomba ilipata banda la mbuzi, na kule hatukuwa hata na umeme.

Ijumaa nikashuka kule chini ya nyumba, kwenye sehemu ya mashine ya kufulia nguo. Trei yangu ya biskuti ilikuwa juu ya tangi la kuchemshia maji. Lile la gesi. Lenye moto chini. Amezihamisha kweli, kana kwamba nilisema zitoke oveni tu. Alikuwa amezifunika kwa taulo ya Neema yenye picha za samaki ili zisipate vumbi.

Sikupiga kelele siku hiyo. Nilizima tangi, nikapanda juu, nikawavisha watoto makoti.

Sasa ninyi wenzangu mtaniuliza swali ambalo kila mtu ameniuliza: unaitaje serikali juu ya ndugu yako? Najua. Sisi serikali hatuiiti, serikali ndiyo tulikuwa tunaikimbia. Na kila mama aliyefika huku amesikia ile hofu inayozunguka kanisani, kwamba ukifungua mlango kwa mtu mwenye karatasi anaweza kuondoka na watoto wako. Niliibeba hofu hiyo kwenye basi la mji, kituo kwa kituo, mtoto mmoja mapajani na mwingine dirishani akichora samaki kwenye mvuke wa kioo. Ningeweza kushuka na kurudi. Ningeweza kuwa mke mwema, na siku moja asubuhi mtu mwingine awashe oveni bila kutoa sufuria.

Niseme ukweli nilioufikiria mle ndani ya basi. Zamani tulikuwa maskini wa kila kitu, lakini kile kidogo cha hatari tulichokuwa nacho kilikuwa na mahali pake, kilikuwa na mikono yake iliyooshwa, na kilikuwa na muda wake wa kungojewa. Mtu mbaya kama Mjomba Asukulu aliweza kulaza watu saba kifudifudi kwenye umande ili watu saba warudi nyumbani. Leo tuna kitabu, mizani, miwani, uwanja wenye msimamizi, na wanaume wazuri wanaoimba sauti nne, wasioweza kungojea nusu dakika. Mjomba alikufa kambini, kwa ini. Hakuna aliyemlilia sana. Mimi nimemlilia mwaka huu, kwenye basi, na nimekasirika kwamba amenifanya nilie.

Ofisi ya zimamoto ilikuwa na viti vya plastiki na dada mmoja nyuma ya kioo. Hakuwa na haraka wala dharau. Kiingereza changu kinatosha kazini, lakini hapa nilitaka kila neno liwe mahali pake, donc akanipigia mkalimani kwenye simu. Sauti ilikuwa ya mwanamume Mtanzania, Kiswahili kimenyooshwa kama shati.

"Samahani, dada, nataka nitafsiri sawasawa. Umesema risasi zimeanikwa?"

"Zimeanikwa. Kwanza oveni, sasa tangi la maji moto."

"Risasi za bunduki?"

"Kwani zipo za nini nyingine, kaka yangu?"

Akatafsiri. Yule dada aliacha kuandika akanitazama, akamtazama Neema, akaanza fomu upya kwenye karatasi safi. Aliniambia naweza kulalamika bila kutaja jina langu, wengi hufanya hivyo. Nikamwambia mkalimani amweleze aandike jina langu lote, la ubatizo na la baba yangu. Na haya ndiyo yaliyoandikwa, jinsi nilivyoyasema:

"Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa ghorofa ya juu. Nalalamika rasmi kwamba katika nyumba hii kuna baruti, fataki, na risasi ishirini na nane zilizojazwa vibaya kwa mikono yenye mafuta, na kwamba zimewekwa mara mbili karibu na moto ili zikauke. Zilikataa kulia uwanjani. Hiyo haina maana kwamba zimekufa. Aliyezijaza na kuziweka ni kaka wa mume wangu, anayekaa chini. Mume wangu alijua za oveni tangu Jumamosi, na hakuziondoa kwa sababu ya heshima. Tangi nimelizima, hatuna maji ya moto. Sitaki mtu afungwe. Nataka vyote viondolewe na mtu anayejua, na shemeji yangu aandikiwe kwa barua kwamba haruhusiwi kuvirudisha, kwa sababu maneno ya mdomo ya mwanamke ameshayasikia. Mje mchana, binti yangu akiwa shuleni. Watu wa nyumba watawaambia kwamba mmekosea anwani. Hamjakosea. Mlango nitaufungua mimi."